Wachezaji Hodari, Picha Dhaifu



Jioni moja tulikusanyika watu wengi, wakubwa kwa wadogo, kutazama picha ya sinema. Mashine ya umeme ilikuwa ikinguruma nje, televisheni imewekwa juu ya meza, watoto wameketi chini mbele, na wazee wamepewa viti. Tulikuwa tumeambiwa kwamba picha ile yasimulia habari za kwetu: milima ya Virunga, msitu, gorila (ndio ngagi, kama wengi wasemavyo huku), na volkano. Jina lake ni Congo. Basi kila mtu alifurahi. Nani asiyependa kuiona nchi yake katika sinema?

Picha ilipokwisha, mzee mmoja aliuliza: "Mlima ule ni upi? Mimi nimechunga ng'ombe milimani huku tangu utoto wangu. Ule siujui." Kijana mmoja akacheka, akamjibu: "Baba, ni sinema tu." Mzee akanyamaza. Lakini swali lake limebaki nasi mpaka leo, na kwa sababu yake twaandika maneno haya.

Mzee alisema kweli. Mlima ule si Nyiragongo, wala si Nyamulagira. Ni Arenal, volkano ya Costa Rica, katika Amerika ya Kati, ng'ambo ya bahari. Hata hivyo hilo si kosa kubwa. Watengenezaji wa sinema wana desturi ya kupiga picha mahali pamoja na kusema ni mahali pengine, nasi twawaruhusu, maadamu hadithi ni nzuri. Lililotusikitisha ni jingine. Katika picha ile tuliona wachezaji hodari kabisa, watu waliojaliwa kipaji, nao hawakupewa kazi ya kufanya. Ilikuwa kama kukamua ng'ombe kumi wenye maziwa mengi, kisha kuyamimina yote katika chombo kilichotoboka.

Hadithi yenyewe

Picha hii ilitoka Marekani mwaka 1995. Mwongozaji wake ni Frank Marshall, na imetokana na kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1980. Habari yake kwa kifupi ni hii. Tajiri mmoja ana kampuni ya kupeleka habari kwa mitambo ya angani. Amemtuma mwanawe Virunga kutafuta almasi za buluu, zinazotakiwa kwa mashine yake mpya. Mwana huyo apotea. Tajiri amtuma Karen Ross, mwanamke jasiri aliyekuwa mchumba wa kijana huyo, aende kumtafuta. Katika safari hiyohiyo yumo mwalimu mmoja amrudishaye msituni gorila jike aitwaye Amy. Gorila huyo amefundishwa kusema kwa ishara za mikono, na mashine yageuza ishara zake kuwa sauti. Yumo pia mtu wa Romania atafutaye mji uliopotea, uitwao Zinj, wenye machimbo ya mfalme Sulemani. Yumo mwongozi wa safari, Munro Kelly, na wapagazi wake. Mwishowe wanaufikia mji ule, wanashambuliwa na gorila wa kijivu waliofundishwa zamani kulinda machimbo na kuua watu, volkano yalipuka, na wachache waliosalia waokoka kwa puto la hewa.

Hebu tuhesabu pamoja. Kuna mwana aliyepotea, kuna almasi, kuna mji wa kale, kuna gorila asemaye, kuna gorila wauaji, kuna askari na vita, kuna volkano. Kila moja lingetosha kuwa picha nzima. Hapa yote yamesongamana katika muda usiofika saa mbili. Wahenga walisema: Mtaka yote hukosa yote.

Na lile jina Zinj! Wasomaji waliosoma habari za kale wajua kwamba waandishi wa Kiarabu waliita pwani ya Afrika ya Mashariki nchi ya Zanj au Zinj, na jina la Zanzibar latoka huko. Mtunzi ameliokota jina la pwani akalibandika katika moyo wa msitu wetu, mwendo wa majuma mengi kwa miguu kutoka baharini. Ni kama mtu ajengaye bandari juu ya kilima.

Wachezaji

Sasa tuwatazame wachezaji. Karen Ross amechezwa na Laura Linney. Wakati ule hakujulikana sana. Lakini baadaye alitajwa mara 3 kwa tuzo ya Oscar, ambayo ni heshima kubwa ya sinema huko Marekani. Ni mwanamke awezaye kuonyesha huzuni kwa kugeuza macho tu. Katika picha hii amtafuta mtu aliyempenda, na hajui kama yu hai. Je, tunapewa muda wa kuiona huzuni yake? Hapana. Mara apiga bunduki, mara abonyeza mashine, mara akimbia.

Mwongozi wa safari ni Ernie Hudson. Huyu tunamsifu bila kusita. Maneno aliyopewa ni machache na mengine ni ya kipuuzi, lakini yeye ayasema kwa furaha na adabu, kama mtu anayejua kuvaa vizuri hata nguo ya kuazima. Kila alipoonekana, watu chumbani waliketi sawasawa. Tim Curry, Mwingereza mwenye sauti ya ajabu, achezaye yule mtu wa Romania, amelazimika kutoa macho na kupindapinda maneno mpaka watoto wakamwiga wakicheka. Adewale Akinnuoye-Agbaje, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Nigeria, ambaye baadaye alijipatia jina kubwa katika televisheni, hapa ni mkubwa wa wapagazi tu. Abeba mizigo na kufuata wenzake.

Tena yuko Delroy Lindo. Jina lake hata halikuandikwa katika orodha ya wachezaji. Anakuja mara moja tu, naye ni kapiteni wa askari awahojiye wageni na kudai fedha. Aketi, atazama, anyamaza, kisha ghafula akasirika kwa sababu ya kipande cha keki ya ufuta. Dakika chache tu! Lakini dakika hizo wote tulinyamaza. Sisi twawajua watu wa namna hiyo; tumesimama mbele yao vizuizini, barua mkononi, tukingoja kujua leo ameamkaje. Lindo aliijua hofu ile, akaicheza. Kisha picha ikamwacha ikaenda zake, na hatukumwona tena.

Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Kama wachezaji wangekuwa wabaya, tusingekuwa na la kulalamikia. Mti mkavu hautoi matunda, na hakuna aulaumuye. Bali mti wenye maua mengi ukikosa matunda, mwenye shamba huuliza nini kimeuharibu.

Kosa liko wapi?

Kosa la kwanza ni kutojua picha yataka nini. Mara yataka tuogope, mara yataka tucheke. Watu wanakufa, na papo hapo mzaha unatolewa. Mchezaji hawezi kusimama juu ya mashua mbili. Akilia, hadithi inamcheka. Akicheka, hadithi inamwua jirani yake.

Kosa la pili ni kuipenda mitambo kuliko watu. Fundi Stan Winston, mtu mashuhuri kwa kazi hiyo, aliwatengenezea mavazi ya gorila ya kuvaliwa na watu, na kazi ya mikono yake si mbaya. Lakini kila fundi alipoleta kitu kipya, mchezaji aliondolewa nafasi. Mwisho wa picha ni moshi, moto na mwali wa mwanga. Uso wa mwanadamu hauonekani.

Kosa la tatu ni kusema uongo juu ya kitu kilichopo. Ngagi hawalindi almasi wala hawatafuti watu wa kuwaua. Hula majani, mashina na machipukizi. Dume lao hutisha kwa kujipiga kifua ili watu waondoke. Ndugu zetu wa Walikale, ambako msitu una ngagi wa bondeni, wanalijua jambo hili kwa macho yao. Kinyume chake ndicho kilichotokea kwetu: mwaka 2007, mwezi wa Julai, watu wenye bunduki waliwaua ngagi kadhaa wa jamaa moja katika mbuga ya Virunga, na dume lao Senkwekwe pamoja nao. Muuaji hakuwa mnyama.

Watu wa Marekani wenyewe hawakudanganyika. Waandishi wengi waliikemea picha hii, na katika tuzo za mzaha zitolewazo kila mwaka kwa picha mbovu, ilitajwa kuwa miongoni mwa zilizo mbaya kuliko zote. Hata hivyo ilichuma fedha. Iligharimu kama dola milioni 50, ikaingiza zaidi ya milioni 150 duniani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na siku hizi kibaya chajua kutembea mbali sana.

Kalamu ileile

Huenda msomaji atasema: "Labda mwandishi wa maneno hakuwa na akili." Sivyo. Aliyeandika maneno ya picha hii ni John Patrick Shanley, ambaye mwaka 1988 alipata Oscar kwa uandishi wa picha nyingine, Moonstruck. Mtu huyohuyo baadaye aliandika mchezo uitwao Doubt, yaani Shaka, akatuzwa kwa huo tuzo ya Pulitzer mwaka 2005. Mwaka 2008 aliugeuza kuwa sinema na kuiongoza mwenyewe.

Picha hiyo ya pili ni ya namna gani? Ni habari ya shule moja ya parokia huko New York mwaka 1964. Mtawa mkuu wa shule amshuku padri mmoja kwamba amemfanyia mtoto jambo baya. Hana ushahidi. Hakuna volkano wala bunduki. Watu wanne wanasema, wanabishana, wananyamaza. Meryl Streep ni mtawa mkuu, Philip Seymour Hoffman ni padri, Amy Adams ni mtawa kijana, na Viola Davis ni mama wa mtoto. Viola Davis aonekana kwa muda wa dakika kama kumi tu, akitembea njiani na mtawa katika baridi, akimtetea mwanawe kwa maneno ambayo mama hapendi kuyasema. Wachezaji hao wote wanne walitajwa kwa tuzo ya Oscar.

Basi, wasomaji, linganisheni. Kalamu ni ileile. Dakika alizopewa Viola Davis si nyingi. Lakini hapa mama yule amepewa mtoto wa kumtetea, swali la kujibu, na mtu wa kubishana naye. Lindo na keki yake hakupewa hayo. Hodari si mchawi. Mpe neno la kweli na nafasi ya kulisema, naye atakushangaza. Mnyime, atabaki kama ngoma nzuri isiyo na mpigaji.

Wengine watatuambia: "Wageni wakija kupiga picha katika Kongo hawawezi kufanya zaidi ya hapo." Hilo nalo si kweli. Mwaka 1959 ilitoka picha iitwayo The Nun's Story, yaani Habari ya Mtawa, ya mwongozaji Fred Zinnemann. Sehemu yake ilipigwa kwetu Kongo, upande wa Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Audrey Hepburn amcheza mtawa wa Ubelgiji, muuguzi, ambaye moyo wake wapigana na utii wake. Kwa muda mrefu hasemi neno. Mtazamaji husoma yote usoni pake. Picha hiyo ilitajwa mara 8 kwa Oscar. Nayo ina upungufu wake, kwa maana Wakongo waliomo wana machache ya kusema. Lakini mchezaji mkuu hakupotezwa hata kidogo, na hospitali ile, joto lile na uchovu ule vyaaminika.

Kweli iliyoangushwa njiani

Sasa tufike kwenye jambo lililotuuma kuliko yote. Tukiitazama vema hadithi ile ya Congo, chini ya takataka zake kuna kweli moja kubwa. Tajiri wa ng'ambo, mwenye kampuni ya mawasiliano, ataka jiwe litokalo katika milima ya Kivu ili mashine zake zifanye kazi. Kwa ajili ya jiwe hilo yu tayari kumpoteza hata mwanawe. Je, wasomaji wa Masisi na Walikale, habari hii ni ngeni kwenu?

Picha ilitoka mwaka 1995. Miaka michache baadaye dunia nzima ilianza kuitafuta koltani, kwa sababu madini yaliyomo hutumika katika simu na mashine za hesabu. Sisi twaijua Rubaya, ambako maporomoko ya udongo yamewafukia wachimbaji mara nyingi. Twaijua Bisie katika Walikale, ambako watu walibeba kasiterite mgongoni, wakapita msituni kwa miguu. Hatusemi kwamba mtunzi alikuwa nabii. Alishika ncha ya kamba bila kujua kamba yenyewe imefungwa wapi. Ajabu ni kwamba, akiwa na hadithi hiyo mkononi, na wachezaji awezao kuibeba, aliitupa akakimbilia gorila wa kijivu.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Mwaka 1993 vita vilikuwa vimezuka Walikale na Masisi, na watu wengi wakakimbia makwao. Mwaka 1994, mwezi wa Julai, wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Goma, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Watu wa ng'ambo walipoketi katika majumba ya sinema mwezi wa Juni mwaka 1995 wakiona Virunga za Costa Rica, chini ya Virunga za kweli makambi yalikuwa bado yamejaa. Hatudai kwamba kila picha iwe ya kilio. Watu wanahitaji kucheka na kushangaa, na sisi wa kwanza. Lakini mtu ajaye katika nyumba yenye msiba na kusimulia kwamba ndani yake mna hazina na majini, amewapoteza wenye nyumba pia, wala si wachezaji peke yao.

Picha nyingine ya namna hiyohiyo

Ingekuwa picha moja tu, tungenyamaza. Lakini mwaka 2016 ilitoka nyingine, The Legend of Tarzan, ya mwongozaji David Yates, iliyogharimu dola kama milioni 180. Habari yake iko Kongo wakati wa mfalme Leopold wa Pili. Karibu yote ilipigwa katika studio za Leavesden huko Uingereza. Milima na misitu ionekanayo kutoka angani ni ya Gabon.

Angalieni wachezaji walioitwa. Christoph Waltz, mwenye Oscar 2. Samuel L. Jackson, ambaye wote twamjua. Margot Robbie. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, aliyekuwa ametajwa mara 2 kwa Oscar. Na si wachezaji tu, hata watu wa kuwachezea walikuwa wakubwa. Jackson amcheza George Washington Williams, mtu aliyeishi kweli. Williams alikuwa Mmarekani mweusi, askari, mchungaji, mwandishi wa historia. Mwaka 1890 alifika Kongo, akaona mateso ya watu, na kutoka Stanley Falls akamwandikia mfalme Leopold barua ya wazi ya kumshtaki mbele ya dunia. Mwaka uliofuata alifariki Uingereza. Waltz amcheza Léon Rom, naye mtu wa kweli, mkubwa wa kituo huko Stanley Falls, aliyejulikana kwa kupamba bustani yake ya maua kwa mafuvu ya watu.

Fikirini: mwenye barua na mwenye mafuvu, katika chumba kimoja, mmoja Samuel L. Jackson na mwingine Christoph Waltz! Nani asingetoa fedha yake kuwasikiliza? Lakini picha yamfanya Williams kuwa mwenzi wa kuchekesha, akimbiaye nyuma ya Tarzan huku akihema. Na Rom amekuwa mwovu wa hadithi za watoto, afaye kwa kuliwa na mamba. Rom wa kweli hakuliwa na mamba. Alirudi Ubelgiji, akafariki mwaka 1924. Je, si hiyo ndiyo habari ya kutisha zaidi?

Na Hounsou? Yeye ni chifu ambaye mwanawe aliuawa na Tarzan. Baba aliyefiwa amsimamia muuaji wa mwanawe: hapo pangekuwa na moyo wa hadithi nzima. Amepewa dakika chache mwishoni. Anaicheza huzuni ile vizuri sana, kisha picha yaondoka haraka, kwani nyumbu wangojea kukimbia. Twakubali kwamba picha hii ina nia njema kuliko ile ya kwanza. Yaonyesha minyororo na pembe za ndovu, na yamtaja Leopold kwa aibu yake. Lakini mwishowe aliyewaokoa Wakongo ni bwana mmoja wa Uingereza arukaye kwa kamba za msituni. Watu waliopigana, waliotoroka, waliokataa kukusanya mpira, hawana jina.

Picha isiyo na wachezaji

Baada ya haya yote twataka kuwakumbusha picha moja isiyo na mchezaji hata mmoja. Ni Virunga, ya mwaka 2014, ya Orlando von Einsiedel. Humo mna walinzi wa mbuga, kampuni ya mafuta, vita vilivyoingia Goma mwaka 2012, na ngagi yatima. Mmoja wa walinzi hao ni André Bauma, aliyewalea ngagi yatima huko Rumangabo. Aketi nao, awalisha, awabembeleza, na mizinga yalia kwa mbali. Hakufundishwa kucheza mbele ya kamera. Hakuvikwa vazi. Hata hivyo uso wake tuliusahau? Hapana. Picha ile nayo ilitajwa kwa Oscar.

Ndakasi, mmoja wa ngagi aliowalea, alipatikana mwaka 2007 akiwa mchanga, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa. Alifariki mwaka 2021, kichwa chake kikiwa kifuani pa Bauma. Wekeni habari hii kando ya yule gorila Amy na mashine yake ya kusema. Amy asema maneno mengi kwa sauti ya mtambo, nasi hatuyakumbuki. Ndakasi hakusema neno.

Na sisi je?

Ni rahisi kuwacheka wakubwa wa ng'ambo. Lakini sisi wenyewe tuko salama? Katika vijiji vyetu, sikukuu ya Noeli ikikaribia, vijana hutayarisha mchezo. Fedha zakusanywa. Zanunuliwa vitambaa, zakodiwa spika kubwa na mashine ya umeme, yajengwa jukwaa. Siku ya mwisho kabla ya sikukuu ndipo mtu auliza: "Na maneno?" Basi yule binti awezaye kumwiga kila mtu kijijini, ambaye msibani huwachekesha waliolia siku tatu, asimamishwa nyuma na kuambiwa apige kelele mara moja malaika atokeapo. Yule baba mwenye sauti ya kututetemesha ashika mkuki, asiseme kitu. Ndiyo Congo yetu hiyo, bila dola milioni 50.

Tena siku hizi vijana wetu wana simu, na wengine wapiga picha za sinema kwa simu hizo. Twafurahi sana. Lakini tulizoziona, nyingi ni za bunduki za mti, magari ya kuazima na watu wanaokimbia. Wameiga lililo rahisi kuigwa. Twawashauri mambo matatu. Kwanza, chagueni habari moja, si saba. Ng'ombe aliyeibwa, na jirani anayejua mwizi lakini aogopa kumtaja: hiyo yatosha. Pili, andikeni maneno kwanza, kisha ndipo mtafute mavazi. Tatu, mtazameni mchezaji wenu, mjue aweza nini, mumpe kazi ya kumfaa, na mmngoje. Akinyamaza, msiogope kimya chake.

Nasi watazamaji tuna kazi yetu. Tusiseme tena, "Ni sinema tu." Mtoto aliyeketi chini mbele jioni ile alikuwa akijifunza nchi yake ni nini, na watu wake ni nani: wapagazi, askari wala rushwa, na mifupa katika pango. Alipotoka nje, usiku ulikuwa hauna mawingu, na upande wa Nyiragongo anga lilikuwa jekundu, kama tulivyolizoea. Yule mzee alimshika mkono, akamwonyesha, akaanza kumweleza mlima ule ulivyowaka alipokuwa kijana, na nani alikimbia, na nani alirudi kumfungulia ndama. Tulisimama kumsikiliza. Aliinua mikono, akashusha sauti, akanyamaza mahali pa kunyamaza. Hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.

Wahenga wasema: Mcheza kwao hutunzwa. Basi tuwatunze hawa tulio nao, tuwape maneno yenye kuwastahili.